UZI: Tunachoma makokoro mwaloni, Ziwa Victoria linaharibiwa kutokea nchi kavu

Mwanamwalo (mwanzisha uzi):

Wakuu, heshima mbele.

Juzi mwaloni kwetu, pale mitumbwi inaposhushia samaki, upande wa Sengerema, zilichomwa nyavu haramu. Makokoro na nyavu za timba zilirundikwa mchangani, zikamwagiwa petroli, moshi mweusi ukapanda mpaka jua likafifia. Mwenye kokoro mmoja alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ameshika tama, hasemi neno. Sitetei kokoro. Linakokota chini, linazoa sato pamoja na mazalia yake, na sisi tuliokulia hapa tunajua lilivyotuumiza. Ila nilipogeuka nyuma nikaona mlima mzima unawaka. Watu wanasafisha mashamba kabla ya vuli. Moshi wa kule ulikuwa mkubwa kuliko wa nyavu mara nyingi sana, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Ndipo nikasema nije niandike.

Hoja yangu ni hii: ziwa hili limebadilika, na kilicholibadilisha zaidi kinatoka nchi kavu. Kinatoka mashambani, milimani, vyooni, na kingine kinashuka kutoka angani. Mvuvi ana makosa yake, lakini tumemtwisha na ya kwetu wote.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari. Mama yangu alikuwa mkaushaji wa sangara, na karo yangu ilitoka kwenye ule moshi. Kwa hiyo ninayoyaandika siyatoi vitabuni peke yake.

Tuanze na furu. Vijana wengi wa leo hawamjui. Ni kisamaki kidogo, urefu wa kiganja, kina mifupa, na zamani kilikuwa chakula cha kila nyumba ya ziwani. Aina zake zilikuwa zaidi ya 500, na karibu zote hazipo popote pengine duniani. Miaka ya 1970 ukipima uzito wa samaki wote wa ziwani, furu walikuwa kama asilimia 80. Walikuwepo wala mwani, wala tope, wala konokono, wala wadudu, hata wanaokula mayai ya wenzao. Miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara akaletwa kutoka maji ya Ziwa Albert. Kwa muda akakaa kimya. Miaka ya 1980 akalipuka. Aina za furu zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka, nyingine bila hata kupewa jina.

Hiyo stori wengi mnaijua, na huwa inaishia hapo: sangara kala furu, basi. Mimi nataka tuendelee mbele yake.

Furu alikuwa anaanikwa. Anamwagwa juu ya mawe, jua linamaliza kazi kwa siku mbili tatu. Sangara ana mafuta. Ukimwanika juani anaoza kabla hajakauka, kwa hiyo lazima umkaange au umbanike kwa moshi, na moshi ni kuni. Nakumbuka tanuru la mama, la udongo, waya juu, mapande ya sangara yamepangwa yanadondosha mafuta kwenye moto yakilia chwaa, chwaa. Mzigo mmoja ulikula kuni usiku kucha. Mwanzoni kuni tuliokota nyuma ya nyumba. Nilipofika darasa la tano tulikuwa tunatembea kutwa. Mikuyu ya ufukweni ilikwisha yote, tukaanza kung'oa visiki. Mvua iliyofuata ilikuta mlima uko uchi.

Tope lile lilienda wapi? Nitaendelea kesho, chaji inaisha.

Kisiwa_cha_Kome:

Mwalimu nimeweka kambi hapa. Mama yangu naye alibanika sangara, na baadaye viwanda vilipokuja akabanika mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Hayo ya visiki ni kweli tupu. Kwetu ilifika mahali watu wanapiga kasia kwenda kisiwa kingine kutafuta kuni.

NyakwarNam:

Niko Homa Bay. Huku sangara tunamwita mbuta, sato ni ngege, dagaa ni omena, lakini shida ni ile ile. Babangu anasema akiwa kijana alikuwa anaona mguu wake chini akisimama majini hadi kifuani. Leo ukiingia hadi magotini vidole huvioni. Endelea mwalimu.

Mwanamwalo:

Asanteni. NyakwarNam, hilo la mzee wako lina kumbukumbu za kisayansi. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilileta watafiti kupima ziwa lote. Wana kifaa rahisi kabisa: sahani nyeupe imefungwa kamba, unaishusha majini mpaka macho yaipoteze, kisha unapima kamba. Katikati ya ziwa sahani ilionekana mpaka mita 7 na zaidi. Waliorudia miaka ya 1990 waliipoteza kwenye mita 3, sehemu nyingine chini ya 2.

Mwaka jana nilifanya hivyo na wanafunzi wangu. Tulichukua sahani ya bati ya shule, tukaitoboa matundu matatu, tukaitundika kwenye uzi wa ndoano na jiwe chini yake. Hatukwenda mbali, tulikuwa ndani ya ghuba tu. Sahani ilipotea kabla pima moja haijatimia. Binti mmoja wa kidato cha pili alichota maji kwa chupa ya plastiki akayainua juani. Yalikuwa kama chai iliyotiwa rangi ya kijani, na baada ya dakika chache ile kijani ikapanda juu ikafanya utando. Yale ndiyo maji tunayonywa.

Sasa, kwa nini? Ziwa hili ni bakuli pana lisilo na kina. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800, lakini kina kirefu kabisa hakifiki mita 90. Maji yake, karibu asilimia 80, yanatoka moja kwa moja kwenye mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, Kagera, Mara, Simiyu, Nzoia na mingine, inagawana kiasi kilichobaki. Na maji mengi yanaondoka kwa kupaa hewani. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, pale Jinja, Nile inapoanzia safari.

Hebu lifikirieni hilo. Maji yanapaa, lakini kilichokuwa ndani ya maji hakipai. Rutuba ya shamba ikishaingia humu, imeingia. Ni kama sufuria ambayo kila siku unaongeza maji yenye chumvi kidogo, yanachemka yanakauka, unaongeza tena.

Katika rutuba hiyo, wa kuangaliwa kwanza ni fosforasi. Mimea midogo ya majini inaililia kama sisi tunavyolilia chumvi kwenye ugali na dagaa. Ikipatikana kwa wingi mwani unafumuka, maji yanakuwa kijani, mwanga haufiki chini. Mwani ukifa unazama, bakteria wanauozesha, na kuozesha kunakula oksijeni. Huko chini samaki hakai. Watafiti walitoboa tope la chini ya ziwa kwa bomba refu, wakalisoma tabaka kwa tabaka kama mtu anavyosoma daftari kuanzia ukurasa wa mwisho. Tope lilionyesha mwani ulianza kuongezeka miaka ya 1930. Maji ya kina yakaanza kupoteza oksijeni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hiyo ni miaka 20 kabla sangara hajalipuka.

Naomba mrudie mstari huo. Ziwa lilianza kuugua kabla ya sangara, kabla ya timba, kabla ya viwanda vya minofu. Lilianza kuugua pale reli ilipokuwa imeshafika Kisumu, mwaka 1901, nchi ikafunguliwa, pamba, kahawa na chai zikapandwa, misitu ikafyekwa, watu wakaongezeka.

MkulimaItilima:

Mwalimu kwa heshima zote hapa nakupinga. Mimi nalima pamba na mtama. Tangu nizaliwe sijaweka mfuko wa mbolea ya dukani kwenye shamba langu, hela hiyo sina. Natumia samadi ya ng'ombe wangu. Sasa hiyo fosforasi unayosema natoa mimi inatoka wapi? Ulaya wanamwaga mbolea tani kwa tani, sisi tunaambiwa tumeharibu dunia.

Mwanamwalo:

Kaka, pingamizi lako ni la haki, na limenifanya nifikiri usiku mzima.

Ni kweli mkulima wa kwetu anatumia mbolea ya kiwandani kidogo mno. Kule Marekani mbolea ya mashamba ya mahindi inashuka na mto Mississippi mpaka Ghuba ya Mexico, na kila kiangazi sehemu kubwa ya ile bahari inakosa oksijeni chini. Bahari ya Baltiki nayo ina maradhi hayo hayo. Kwetu kinachotembea ni udongo wenyewe. Fosforasi inang'ang'ania chembe za udongo. Udongo ukibebwa, imebebwa. Wewe unaujua mto Simiyu baada ya mvua kubwa. Simama pale darajani Magu utazame rangi yake. Ile kahawia inayopita ni shamba la mtu, ni ile sehemu ya juu yenye nguvu, na mwenye shamba anabaki anajiuliza kwa nini pamba imedumaa. Kwa hiyo wewe na mvuvi mmeibiwa kwa mkono mmoja. Wewe umepoteza udongo, yeye umemjia usipotakiwa.

Zamani katikati yenu kulikuwa na kizuizi: mafunjo na matete. Yale matope ya mabondeni yaliyojaa mafunjo yalikuwa chujio. Mto unaingia umechafuka, unapungua kasi, tope linatua, mizizi inakula rutuba, maji yanatoka upande wa pili yamepoa. Mafunjo tumeyafyeka tukapanda mpunga na mboga. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Nendeni mkapime kwa hatua zenu pale mlipo, mtanipa majibu.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Vipimo vya watafiti vinaonyesha kuwa fosforasi nyingi inaingia ziwani kutoka hewani. Kwa baadhi ya hesabu ni zaidi ya nusu ya yote inayoingia. Ni vumbi la mashamba yaliyo wazi na majivu ya moto wa kiangazi. Kuanzia Juni mpaka Septemba nchi yote inawaka, moshi unapanda, unatembea, kisha mvua za kwanza zinausafisha unashuka. Na ukikumbuka kuwa ziwa lenyewe ndilo sinia kubwa kuliko yote katika eneo hili, utaona unatua wapi.

Nahodha_wa_Usiku:

Mimi mvuvi wa dagaa, karabai zangu sasa ni za sola. Mwalimu, hayo ya hewani samahani, siyaamini. Majivu yapande juu, yatembee kutoka Shinyanga, yatue Ukerewe, halafu yalete mwani? Udongo wa mtoni naukubali maana nauona. Jivu la hewani sijawahi kuliona juu ya maji, na mimi nalala majini siku 20 kila mwezi.

Mwanamwalo:

Nahodha, sikulaumu. Kitu asichokiona mtu wa majini, ni vigumu mtu wa chaki kumwaminisha. Nipe muda, nitakujibu kwa jambo la kushikika.

dadaMaabara:

Naomba niongezee kwa upande wa furu, maana nilifanya mafunzo kwa vitendo kwenye kituo cha utafiti Mwanza na hili halinitoki.

Kuna furu wawili wanaishi kwenye mawe ya visiwa vya ghuba ya Mwanza. Mmoja dume lake ni jekundu mgongoni na njano ubavuni, jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, amepewa kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Wa pili, Pundamilia pundamilia, dume lake ni la bluu ya kijivu. Majike wanafanana sana. Jike anachagua dume kwa rangi. Mahali maji ni maangavu, wekundu wanaoana na wekundu, bluu na bluu, na aina mbili zinadumu. Mahali maji yamechafuka, mwanga haupiti vizuri, jike hatofautishi. Wanachanganyika, na ukivua pale unapata samaki wa rangi iliyofifia tu, si huyu si yule. Utafiti huu ulitoka mwaka 1997.

Yaani aina ya kiumbe inaweza kufutika bila kuliwa na sangara na bila kunaswa na wavu. Inatosha maji yachafuke mpaka jike asimwone mwenzake. Siku niliyoelezwa hilo niliweka samaki mkononi, ile rangi ya kutu isiyo na jina, nikashindwa kuongea.

Kisiwa_cha_Kome:

Dada, hao wekundu tuliwaita tu "furu wa mawe". Hatukujua wana jina la Mwalimu.

NyakwarNam:

Nami niseme ya gugumaji, maana sisi wa ghuba ya Winam tumeumia zaidi. Mmea umetoka Amazon huko Amerika Kusini, watu waliupenda kwa maua. Kwetu ulifunika ghuba yote miaka ya 1990, meli hazitoki Kisumu, mama akitaka samaki anangoja upepo ugeuke. Wakaleta mbawakawa wadogo kutoka kwao huko huko, wanaotafuna majani. Ulipungua sana kufikia mwaka 2000. Lakini umerudi mara nyingi tangu hapo, kwa sababu mlo wake upo. Unatoa mmea, supu inabaki.

Tena mwishoni mwa 2022 wanaofuga samaki kwenye vizimba ziwani upande wetu walipoteza ngege wengi kwa muda mfupi. Samaki walielea asubuhi tumbo juu. Wataalamu walisema ni oksijeni. Maji ya chini yaliyokosa pumzi yalipanda. Jirani yangu alikuwa amekopa kujenga kizimba.

Mwanamwalo:

Pole zake jirani. Na hilo la maji ya chini kupanda linaunganika na joto la dunia. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki. Oksijeni haishuki. Kila mwaka, karibu Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapoza ziwa na kulikoroga, likavuta pumzi. Joto likizidi, kule kukorogeka kunakuwa kugumu. Kwa hiyo moshi wa magari na viwanda vya mbali nao una mkono humu ndani, hata kama sisi mchango wetu katika huo ni mdogo.

Mwaka 2019 nako Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko kawaida, mvua zikamwagika mfululizo, na kufikia Mei 2020 ziwa lilipanda kuliko rekodi ya 1964. Mialo ilizama, vyoo vya mashimo vya ufukweni vikaingia majini vyote na vilivyomo. Sitaki kuandika nilichokiona siku ile.

MkulimaItilima:

Sawa mwalimu. Nimekuelewa la udongo, na umesema vizuri kwamba nimeibiwa. Ila nieleze, kuna mahali popote watu walifanya kitu ziwa likapona? Maana kama halirudi, tunajichosha.

Mwanamwalo:

Lipo. Ziwa Erie, mpakani mwa Marekani na Kanada. Miaka ya 1960 magazeti yalikuwa yanaliita ziwa lililokufa. Mwaka 1972 nchi hizo mbili zikatia saini makubaliano, zikapunguza fosforasi kwenye sabuni za kufulia na maji taka ya miji. Katika miaka kumi hivi maji yakaanza kuwa maangavu, samaki wakarudi. Lakini mashamba hawakuyagusa vya kutosha, na mwani ukarudi. Agosti 2014 wakazi wa mji wa Toledo na jirani zake, karibu nusu milioni, waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku kadhaa, kwa sababu yalikuwa na sumu ya mwani inayodhuru ini. Ukiyachemsha sumu haitoki. Nimelileta lote ili uone pande zake mbili, kaka.

Kwetu ni vigumu zaidi kwa ile sababu ya sufuria. Lakini nina la kukuomba wewe binafsi. Acha mabua shambani, usiyachome. Lima kukinga mteremko. Acha majani yaote pembeni ya korongo. Utakachozuia kinabaki kwako kwanza, ziwa linafaidika baadaye.

MkulimaItilima:

Mabua ng'ombe wanakula. Yanayobaki ndiyo tunachoma, tunaogopa wadudu wa pamba. Kwenye pamba tumeagizwa kung'oa na kuchoma masalia. Ya mtama naweza kuacha. Mwaka huu nitaacha nusu shamba nione.

Mwanamwalo:

La pamba uko sahihi, nilisahau wadudu. Anza na mtama.

Mwanamwalo (baada ya wiki tatu):

Nahodha, deni lako nimelileta.

Nilinunua beseni jeupe la plastiki, nikaliosha kwa maji ya kuchemsha, nikalifunga kwenye kigogo katikati ya uwanja wa shule, mbali na miti na paa, juu kuliko kimo cha mtu ili mchanga wa chini usirukie. Lilikaa siku kumi na moja bila mvua. Mlima kwetu ulikuwa umeshazimika, kwa hiyo kilichoingia mle hakikutoka jirani.

Jana jioni mvua ya kwanza ikaja, ile ya upepo mwingi, ikanyesha kama nusu saa. Nikashusha beseni na wanafunzi wakazunguka. Maji yalikuwa ya kijivu. Siyo meusi, kijivu kama maji ya kuoshea mchele. Tuliyaacha yatulie mpaka asubuhi. Chini pakawa na tabaka jembamba, ukipitisha kidole linabaki alama, na ndani yake vipande vyeusi vyepesi vya majani yaliyoungua, vingine bado vinaonyesha mishipa ya jani. Yule binti wa chupa ndiye aliyevitoa kwa ncha ya kalamu akavipanga kwenye karatasi. Alipata kumi na saba.

Beseni lenyewe halizidi upana wa mikono miwili.

Nahodha_wa_Usiku:

Nimesoma mara mbili. Mwalimu, nitafutie beseni kama hilo. Nikitoka usiku nitalifunga juu ya mlingoti wa mtumbwi, nipo kilomita nyingi kutoka nchi kavu. Nikirudi tutayalinganisha.